Gonga Ukuta Kwanza

Mahubiri ya Jumapili, ibada ya pili
Masomo: Ezekieli 13:10-16, Walawi 14:33-48, Yeremia 32:6-15

 

Wale mna Biblia, fungueni Ezekieli 13. Wale wa simu fungueni simu, lakini WhatsApp ingoje kidogo. Tumesoma mstari wa 10 hadi wa 16. Wekeni kidole hapo, tutarudi.

Katika sura hii Mungu amekasirika sana, na waliomkasirisha ni manabii. Watu wamejenga ukuta dhaifu. Nabii anapita, anauona. Badala ya kusema ukuta huu hautasimama, anakuja na ndoo ya chokaa, tena chokaa ambayo haijakorogwa vizuri, anaupaka mpaka unang'aa, kisha anawaambia watu kuna amani. Mungu anasema sawa, nitaleta mvua. Nitaleta mawe ya barafu na upepo wa dhoruba. Ukuta utakapolala chini, watu watawauliza ninyi: ile chokaa yenu iko wapi?

Leo nahubiri juu ya kununua nyumba mpya. Naona wengine wameangaliana. "Pasta, tumekuja kusikia Neno." Hili ni Neno. Nikikaa ofisini siku ya Jumatano, karibu nusu ya watu wanaokuja kuombewa wanataka ploti au nyumba. Kama tunaweza kufunga siku saba kwa ajili ya jambo fulani, basi mimbari inaweza kulizungumzia dakika arobaini. Vijana, ninyi mnaita keja. Hata nanyi sikilizeni, zamu yenu inakuja.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mchungaji mkuu ameniruhusu. Familia ninayoizungumzia pia imeniruhusu. Walisoma maneno haya kabla hayajachapishwa, na mama akaniambia niongeze mahali nilikuwa nimepunguza. Majina yao sitataja. Kampuni pia sitaitaja, maana jambo liko kwa mawakili.

Inakaribia miaka mitatu sasa, vijana wawili waliovaa fulana za kampuni walikuja baada ya ibada wakaweka meza pale nje, karibu na mahali mama zetu huuza chai na mandazi. Walikuwa na picha nzuri sana. Nyumba za vyumba viwili, geti moja, miti imepandwa kwa mstari, watoto wanaendesha baiskeli. Nyumba zenyewe hazikuwepo. Zilikuwa kwenye karatasi. Ukilipia wakati huo unapata kwa milioni nne, wanaongoja zikamilike watalipa zaidi. Mwaka mmoja tu, walisema, mtakuwa mmeingia.

Aliyewatangaza kutoka mimbari hii ni nani? Ni mimi. Dakika mbili, kabla ya matoleo. Nilisema Mungu anawatoa watu wake katika nyumba za kupanga. Mlipiga makofi, nakumbuka. Na kwa sababu mnajua nilisomea biashara chuo kikuu, wengi wenu mlichukulia kwamba pasta amekagua. Pasta hakuwa amekagua chochote. Sikuwa nimeuona mkataba. Sikuwa nimeuliza ile ardhi iko kwa jina la nani. Nilisoma miaka minne jinsi ya kuchunguza hesabu za kampuni, halafu nikasimama hapa nikawatangaza watu ambao hata ofisi yao sikuijua iko wapi.

Familia moja ilinunua. Mama ana biashara ya kushona, baba alikuwa karani. Walilipa 800,000 za kwanza kutoka kwa akiba ya miaka tisa. Wakauza ploti yao ndogo ya nyumbani, 1,200,000. Zilizobaki, milioni mbili kamili, baba alikopa kwa sacco ya kazini kwao, na wadhamini wakawa wanne, wafanyakazi wenzake, wote washirika wa kanisa hili. Wamekaa hapa leo. Mmoja wao ni mjane.

Mwaka ukaisha, nyumba hazijaisha. Miezi kumi na minne mingine ikapita. Sasa nipige hesabu kidogo, mnivumilie, ni kazi niliyosomea. Kodi walikopanga ilikuwa 18,000 kwa mwezi. Mara kumi na nne ni 252,000 ambazo hazikuwa kwenye bajeti yao, na huku mkopo wa sacco unakatwa kila mwezi bila huruma. Kisha kuna ushuru wa stempu. Katika miji ya Kenya ni asilimia 4 ya thamani ya mali, mashambani ni asilimia 2. Asilimia 4 ya milioni nne ni 160,000. Hakuna aliyewaambia. Halafu ada ya wakili, halafu kuvuta stima. Ile milioni nne ilikuwa bei ya kwenye picha. Bwana Yesu aliposema mtu akitaka kujenga mnara kwanza aketi ahesabu gharama, mimi huona neno "aketi" ndilo zito. Meza ya pale nje haina kiti. Unasainishwa ukiwa umesimama, umeshika mandazi.

Mwishowe funguo zikatolewa, Januari mwaka huu. Februari, siku ya Jumamosi, jua kali, tulienda kuiweka wakfu. Wengi wenu mlikuwepo, mlikula pilau. Na ni jambo la Biblia. Hata katika Kumbukumbu la Torati 20, mtu aliyejenga nyumba mpya na hajaiweka wakfu anaruhusiwa kurudi kutoka vitani akaiweke. Mungu anaheshimu furaha ya nyumba mpya. Nyumba ilikuwa inanukia rangi. Tulianza sebuleni, tukaingia vyumba vya kulala, tukamaliza jikoni, mimi mbele na chupa ya mafuta, kwaya nyuma.

Sasa ngoja niwaambie jambo ambalo hamlijui kunihusu. Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Likizo za shule nilizimalizia kwenye mjengo, nikimbeba maji. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza, simiti ikishamwagwa lazima inyweshewe maji kwa siku kadhaa, angalau wiki moja, usidanganywe na uso wake uliokauka. La pili, ukitaka kujua plasta imeshika, usiiangalie. Gonga. Gonga kwa kifundo cha kidole, usikilize. Iliyoshika inanyamaza. Ambayo haijashika inajibu, inatoa sauti kama debe.

Pale jikoni, tukiimba, mkono wangu ukagonga ukuta. Sikukusudia, ni mazoea. Ukajibu.

Nikashuka na vidole chini kidogo. Ukajibu tena. Na kutoka kona ya dirisha kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi, umepakwa rangi juu, lakini ukiwa umelelewa na fundi unauona. Nikainua macho. Mama alikuwa ananitazama, machozi ya furaha yanamtiririka, kilemba kipya kichwani. Nikafikiria pilau. Nikafikiria wageni. Nikasema moyoni, Bwana, nani anataka kusikia habari za plasta siku kama hii?

Nikapaka mafuta. Wapendwa, niliyapaka juu ya ule ufa, na kwa mdomo wangu nikasema nyumba hii ni imara.

Rudini sasa pale mlipoweka kidole, Ezekieli 13. Nimehubiri sura hii mara mbili katika huduma yangu, na mara zote mbili nilikuwa nawafikiria manabii wengine, wale wa televisheni.

Jumapili iliyofuata wakaja mbele kushuhudia. Mlicheza. Wazee wawili walitoa leso. Aprili mvua ikaja.

Maji yaliingia kwa ukuta wa jikoni na kwa dari ya chumba cha watoto. Plasta ikaanza kuachia vipande vya ukubwa wa sahani. Mtoto wa mwisho akawa anakohoa usiku. Ushirika wa nyumbani ulipokwenda kwao mwezi wa tano, hakuna aliyejua. Kabati lilikuwa limesukumwa mpaka mbele ya lile doa, na jikoni chai ya mdalasini ilikuwa inachemka tangu mchana ili kuua harufu ya unyevu. Hilo ndilo mama aliniambia niongeze. Alisema, "Pasta, andika na mdalasini." Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alinijibu neno ambalo halijanitoka tangu siku hiyo. "Tulikuwa tumeshashuhudia. Nani angewaambia watu waliocheza pale mbele kwamba Mungu alitupa nyumba inayovuja?"

Mnaona? Mimi nilipaka chokaa upande wa nje, na kwa kufanya hivyo nikawalazimisha wao wapake upande wa ndani.

Mwezi huo huo kampuni anayofanyia kazi baba ikapunguza wafanyakazi, naye akawa mmoja wao. Wakaamua wauze nyumba, walipe sacco, warudi kupanga. Mnunuzi akapatikana. Wakili wa mnunuzi akaenda kufanya sachi kwenye ofisi ya ardhi, kazi ya siku chache, na ndipo ilipojulikana: ile hati kubwa ya ardhi yote, ile wanayoiita hati mama, iko rehani kwa benki. Developa alikopea. Hati za nyumba moja moja haziwezi kutoka mpaka benki iachilie ile kubwa. Kwa hivyo wana nyumba wasiyoweza kuiuza, inayovuja, na sacco imeanza kuwakata wadhamini. Mjane wetu alijua kwa ujumbe wa simu. Alikuwa sokoni.

Sachi hiyo wangeweza kuifanya kabla hawajatoa shilingi moja. Ningeweza kuwaambia. Ningeweza hata kwenda nao.

Sasa Walawi 14. Najua Walawi si kitabu cha kupendwa, wengi mpango wenu wa kusoma Biblia kwa mwaka mmoja hufia pale pale Februari. Lakini tazameni. Israeli bado wako jangwani, wanalala katika hema, na tayari Mungu anawapa sheria ya nyumba watakazoingia Kanaani. Anajua zitapata madoa. Anasema mwenye nyumba akiona kitu ukutani aende kwa kuhani amweleze. Na kuhani afanye nini? Aombe? Aje na mafuta? Hapana. Kuhani anaenda kukagua. Anaangalia rangi, kama ni ya kijani kibichi au nyekundu. Anaangalia kina, kama doa limeingia ndani kupita uso wa ukuta. Anaifunga nyumba siku saba. Anarudi. Kama doa limeenea, mawe yanatolewa yanatupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa, yanawekwa mawe mengine na udongo mwingine. Na likirudi tena, nyumba inabomolewa.

Sherehe ya kuitakasa ipo, iko baadaye katika sura hiyo hiyo. Lakini inakuja baada ya kuhani kurudi na kuona kwamba pigo limepona.

Na kuna jambo dogo ambalo napenda sana. Kabla kuhani hajaingia, mwenye nyumba anaambiwa atoe vitu vyote nje, ili visije vikahesabiwa najisi. Magodoro, sufuria, nguo za watoto. Mungu mtakatifu, Mungu wa Sinai, anafikiria sufuria za mtu maskini. Na tazameni pia kwamba mwenye nyumba aliyeenda kusema nyumba yangu ina doa hakuulizwa alikuwa na dhambi gani. Hakuambiwa imani yake ni ndogo. Kanisa letu lingeweza kujifunza hapo. Nasikia amina hafifu, lakini nimeisikia.

Kuna mtu anafikiria, "Pasta, mimi Mungu alisema nami juu ya hii nyumba. Nilipata neno." Sawa. Twende Yeremia 32.

Yeremia yuko kifungoni, katika uwanja wa walinzi. Wakaldayo wameuzingira mji. Mungu anamwambia binamu yako Hanameli anakuja kukuuzia shamba la Anathothi, linunue. Neno likaja, na binamu akaja vile vile alivyoambiwa. Sioni mtu kati yetu aliyewahi kupata neno la nyumba lililo wazi hivyo. Na bado Yeremia alifanya nini? Akapima fedha kwa mizani, shekeli 17. Akaandika hati. Akaweka sahihi na muhuri. Akaita mashahidi, nao wakaandika majina. Nakala mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja iko wazi. Kisha akampa Baruku, mbele ya watu, akamwagiza aziweke katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Mtu ambaye Mungu mwenyewe alikuwa amemwambia nunua!

Ibrahimu vile vile. Mwanzo 23, Efroni anamwambia kwa adabu kubwa, chukua shamba bure, mzike marehemu wako. Ibrahimu anainama, anashukuru, anakataa. Anapima shekeli 400 mbele ya wenyeji wote langoni, na Biblia inaandika mipaka hadi miti iliyomo. Hajamtukana Efroni. Alitaka tu kaburi la Sara lisije likaleta kesi kwa wajukuu.

Na sheria ya Kenya haiko mbali na Yeremia. Mkataba wa kununua ardhi au nyumba lazima uwe kwa maandishi, usainiwe na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi. Maneno ya pale kwenye meza ya mandazi hayatakusaidia kortini, hata kama pasta alikuwa amesimama hapo akitabasamu.

Kwa hivyo ukiwa unanunua nyumba mpya, sikiliza kama mtoto wa fundi anakuambia. Kama haijajengwa, unanunua ahadi, na ahadi hupimwa kwa aliyeitoa. Nenda ukaone nyumba alizomaliza kabla ya hii, na usimuulize yeye, muulize mama anayeanika nguo pale. Fanya sachi ya ardhi; ya Nairobi unaweza kuomba kwa mtandao wa Ardhisasa. Angalia jina, angalia kama kuna deni la benki. Deni peke yake si dhambi, developa wengi hukopa ili wajenge, lakini mkataba useme wazi benki itaachilia hati yako lini na kwa masharti gani. Uliza kama mradi umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile NCA, na kaunti imepitisha ramani. Kwenye mjengo lazima kuwe na bango linaloonyesha mambo haya. Kama hakuna bango, tembea. Kama ni fleti, ujue sheria ya mwaka 2020 inakuruhusu upate hati ya fleti yako mwenyewe, kwa hivyo usiridhike na barua ya "umekamilisha malipo".

Wakili awe wako. Wakili wa developa ni mtu mzuri, anaenda kanisa, lakini analipwa na developa. Na pesa zako zisipitie kwa simu ya kijana wa fulana.

Nyumba ikiisha usikimbilie funguo. Uliza cheti cha kaunti kinachoruhusu nyumba ikaliwe. Nenda na fundi asiyejuana na hao waliojenga, au mhandisi ukiweza. Utamlipa kidogo ukilinganisha na milioni nne. Fungua mifereji yote kwa wakati mmoja. Vuta maji chooni. Mwaga ndoo ya maji bafuni uone yanaelekea kwenye shimo au yanaelekea sebuleni. Gonga kuta. Ukiweza, ngoja mvua moja inyeshe kabla hujasaini kwamba umeridhika. Andika kila kasoro, wote msaini, kisha mkataba uwe na kipindi cha developa kurekebisha kwa gharama yake. Mara nyingi ni miezi sita. Hii familia ilikuwa na kipindi hicho. Kilikuwa kinahesabiwa huku kabati liko mbele ya doa.

Mtu atasema hiyo ni kukosa imani. Yeremia alikosa imani?

Nigeukie wadhamini. Mithali inaonya mara nyingi juu ya kuweka dhamana, na katika sura ya 22 inafika hadi picha ya mtu anayenyang'anywa kitanda alichokilalia. Mnaposainiana zile fomu za sacco kwa sababu tunaomba pamoja, ujue umesaini kulipa. Soma kiasi. Jiulize kama unaweza kukatwa na watoto wako bado wale. Ukiona huwezi, sema huwezi, na sisi wengine tusikuite mtu asiye na upendo. Lakini hawa wanne tayari walisaini, na walisaini kwa upendo, na mimi nilikuwa nimewatangazia. Baraza la wazee lilikaa Jumanne. Anachokatwa mjane wetu kitarudishwa na kanisa kila mwezi mpaka jambo hili liishe. Nusu yake nitatoa mimi. Nasema hadharani, si kwa kujisifu, ni ili mnidai nikikawia. Na kuanzia leo hakuna meza ya kuuza ploti wala nyumba katika kiwanja hiki.

Wako wajenzi hapa pia. Wako mafundi, wako wanaouza simiti, yuko hata mmoja mwenye nyumba za kukodisha. Kumbukumbu la Torati 22:8, sheria nyingine ya nyumba mpya: ukijenga, zungushia ukuta mdogo juu ya paa, mtu asianguke ukawa na damu juu ya nyumba yako. Mungu anahesabu damu kwa mwenye kujenga. Wakazi wa Nairobi tunakumbuka Huruma, 29 Aprili 2016, usiku wa mvua, jengo la ghorofa likaporomoka na watu zaidi ya 40 wakafa. Kodi ilikuwa inalipwa mle ndani. Nilikwenda siku ya tatu na vijana wa kanisa tukiwa na maji ya kunywa, na sikuwa na neno la kusema, niligawa maji tu. Kwa hivyo fundi, ukiambiwa upunguze simiti mfuko mmoja, unajua unachoambiwa. Na wewe unayejenga, soma Yeremia 22:13 ukiwa nyumbani, kuhusu anayejenga bila haki na kumtumikisha jirani bila mshahara. Kuna vibarua wengi katika mji huu wanaopita mbele ya majumba ambayo hawajalipwa mpaka leo.

Hali ya sasa ya ile familia ni hii. Wenye nyumba kumi na mmoja wameungana, wana wakili mmoja, barua imeenda kwa developa na kwa benki. Baba amepata kazi ya muda. Dari imefunikwa kwa nailoni. Jumamosi hii saa tatu asubuhi tunarudi kule. Mzee mmoja wetu ambaye ni mhandisi amekubali kuja, na tunahitaji vijana sita wenye nguvu, kwa sababu vitu vyote vitatolewa nje, magodoro na sufuria, kisha kila ukuta ukaguliwe na iandikwe ripoti ya wakili. Mama amesema atapika. Mafuta nitabeba, lakini yatakaa mfukoni mpaka mhandisi amalize.

Kama wewe pia una kabati mbele ya doa, ofisi iko wazi Jumatano. Beba makaratasi yako, usibebe ushuhuda. Simameni tuombe.

Baba, tunasimama mbele zako tukiwa na ndoo za chokaa mikononi. Mimi wa kwanza, unisamehe kwa yale niliyoyasikia kwa kidole changu nikayanyamazia. Mkumbuke dada yetu mjane, usimwache apungukiwe mwezi huu. Mpe baba kazi ya kudumu. Mponye yule mtoto kikohozi. Wape mawakili na watu wa benki moyo wa haki, na yule developa, Bwana, mpe usingizi mfupi mpaka atengeneze. Na walio na funguo mpya mfukoni leo, wape ujasiri wa kugonga. Katika jina la Yesu, amina.